Siku Lelemama Ilipompeleka Mwanaidi Wodini

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wazazi, Metroni, mkuu wa wauguzi, alinivua saa. Nilikuwa nimeivaa mkononi kwa madaha, zawadi ya baba yangu aliyeuza kahawa kule Kilimanjaro ili binti yake afike Dar es Salaam akiwa mtu. Yule mama wa Kizungu akaitazama kama aliyeona mende kwenye sukari. "Wewe! Saa hapa," akasema akijigonga kifuani, "mkono hapana." Mkunga havai kitu mkononi, maana mikono ndiyo inayompokea mtoto. Nikaibana kwa pini kifuani, machozi yananilengalenga, kazi ikaanza.

Ninyi mnaosomea ukunga leo mna mashine za kila namna. Sisi miaka ile ya hamsini tulikuwa na pembe ya mbao: upande mmoja unauweka tumboni kwa mama, upande wa pili sikioni kwako, unasikiliza moyo wa mtoto unavyodunda. Tulikuwa na taa ya spiriti na vichupa vya kupimia mkojo. Unaupasha moto, unangoja. Ukibaki vilevile, mama anarudi nyumbani. Ukiganda utando mweupe kama ute wa yai, unamtafutia kitanda, maana anaweza kupata kifafa cha mimba: presha inampanda, anatetemeka, anapoteza fahamu, na mara nyingi anaondoka yeye na mtoto. Metroni alituuliza mambo hayo kila asubuhi, na aliyekosea alisugua sakafu.

Baada ya miaka miwili nikahamishiwa kliniki ya wajawazito Kariakoo, chini ya Sista wa Kliniki, muuguzi msimamizi wa pale, mama wa Kihindi wa Goa mwenye sauti ndogo na amri kubwa. Wanawake walikuwa wanakuja kupimwa mara moja, wanachukua kadi, hawaonekani tena. Nilipomlalamikia Sista akaniambia, "Nesi, kadi haizalishi mtu. Chukua baiskeli, uwafuate."

Nikawafuata. Sasa nikiri kosa langu, maana wazee wengi wakisimulia kazi zao husimulia ushindi tu. Kadi ile chini ilikuwa na mstari wa idhini ya kulazwa, na jinsi nilivyofundishwa na nilivyolelewa kwetu, pale huandikwa jina la mume. Basi nikifika kwenye nyumba ya watu ninaketi barazani na wanaume, ninawaeleza habari za tumbo la mke, na mke mwenyewe yuko uani anapepeta mchele. Nilijiona nina adabu kweli. Kumbe nilikuwa mjinga, ila mjinga mwenye sare iliyopigwa pasi.

Aliyenifungua macho ni Mwanaidi, binti wa miaka kama ishirini, mpangaji katika nyumba ya Bi Tatu, Mtaa wa Mchikichi. Mumewe, Shomari, alikuwa mtu wa mkokoteni, anabeba mizigo ya sokoni. Mama mkwe wake, Bi Zuhura, aliishi nao. Mimba yake ya kwanza ilimtia kifafa palepale chumbani, mtoto akazaliwa amekufa, na nyumba nzima ikasema ni shetani. Hii ilikuwa ya pili, mwezi wa nane. Nilimkuta uso umemvimba, pete imemkaza kidoleni, na mkojo wake nilipoupasha moto uliganda kichupa kizima. Alitakiwa alazwe siku ileile.

Nikamwendea Shomari barazani. Akanisikiliza kwa heshima zote. "Mimi nani hata niwakatalie nyie wa hospitali, Nesi? Ila mambo ya uzazi ni ya mama. Kamwone mama."

Nikaingia uani kwa Bi Zuhura. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina neno. Lakini mke ana mwenyewe, nami siwezi kumtoa mke wa mtu. Kamwone mumewe."

Nikarudi barazani. Shomari akasema mama hajatamka kwamba ameridhika. Nikarudi uani. Bi Zuhura akasema mwanawe hajatoa amri. Siku nzima nilipita katika ukumbi wa nyumba ile, wakanikaribisha chai na vitumbua, na hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Kesho yake nikarudi, mambo yakawa yaleyale. Nilikuwa nimekasirika, kwa sababu nilijua kinachokuja.

Ndipo Mwanaidi, aliyeegemea nguzo ya jikoni kwa sababu miguu ilimlemea, akaniambia kwa sauti ambayo kila mtu uani aliisikia: "Nesi, tangu jana umeuliza nyumba nzima. Mimi mbona hujaniuliza?"

Niliona haya. Nikamgeukia, nikamuuliza.

"Mimi nataka kwenda," akasema. "Nimezika mmoja. Huyu simziki. Lakini sitoki kwa mlango wa uani kama mwizi. Nikitoka hivyo, jioni mtaa mzima utasema nimemkimbia mume wangu, na yeye atakuwa hana budi kunifuata anirudishe."

Hapo nikaelewa kitu ambacho Metroni hakunifundisha. Watu wale hawakuichukia hospitali. Waliogopa aibu: mke kutoka bila mtu wa kumtoa. Na aliyeelewa haraka kuliko mimi alikuwa Bi Tatu mwenye nyumba, aliyekuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Bi Tatu alikuwa kiongozi wa chama cha lelemama, ile ngoma ya akina mama wanaovaa kanga za sare, na Mwanaidi alikuwa mwanachama wake. Akainuka, akapangusa mikono.

"Harusi ya mwenzetu tunatoka," akasema. "Msiba wa mwenzetu tunatoka. Kwa nini hili tusitoke? Mwanaidi, kavae. Zuhura, dada yangu, kuna neno?"

Bi Zuhura aliwatazama wanawake waliokwisha kusimama, akamtazama mkwewe. "Akitoka na watu," akasema polepole, "neno litoke wapi?"

Habari ilisambaa kwa majirani kabla wali haujaiva. Adhuhuri walikuwa wamekusanyika akina mama zaidi ya thelathini, kanga nyekundu na nyeupe, matari mikononi. Nikawaambia Mwanaidi hatembei hata hatua kumi, na gari la wagonjwa watu wa mtaa walilikimbia, maana kwa macho yao lilibeba maiti. Bi Tatu akaita barazani, "Shomari! Mkokoteni wako uko wapi?"

Wakatandika godoro la sufi, wakamlaza kwa ubavu, mmoja akamshikia mwavuli. Hamali mwingine akajitolea kusukuma. Shomari akaruka kama amechomwa mwiba. "Mke wangu asukumwe na nani? Ondoka hapo!" Akashika mikono ya mkokoteni mwenyewe, na lelemama ikaanza.

Tulikatiza Mnazi Mmoja mchana kweupe, vigelegele mbele, mimi na baiskeli yangu nyuma nikiwaomba wasiukimbize mkokoteni. Wenye maduka walitoka milangoni kuuliza nani anaolewa. Nilikuwa Mkristo wa mlimani nisiyejua hata neno moja la wimbo ule, nami niliimba.

Langoni pa hospitali mlinzi alishika kirungu chake akarudi nyuma. Metroni akatoka mbio. "Nesi! Hii nini? Maandamano?"

"Hapana, Metroni. Ni mgonjwa mmoja."

Akamwona Mwanaidi, akamwona alivyovimba uso, akaamuru mkokoteni uingizwe mpaka mapokezi. Mezani karani alichovya kalamu. "Idhini ya nani?"

Macho yote yalimwendea Shomari, yangu pia, mazoea ni kitu kibaya. Mwanaidi akainua kichwa kutoka kwenye godoro. "Andika Mwanaidi."

Karani akamtazama Metroni. Metroni akanitazama mimi. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Ndiye mwenye mwili." Shomari alikuwa anatweta, jasho linamtoka. "Andika anavyosema," akasema. Karani akaandika.

Alilala wodini siku tisa, tunampima presha asubuhi na jioni. Siku ya kumi Daktari akaamua kumwanzishia uchungu kabla kifafa hakijamwahi. Nilikuwa zamu ya mchana. Mtoto wa kike alitoka mdogo, ngozi imelegea, na akalia kwa hasira ya mtu mkubwa. Mwanaidi alicheka kwa nguvu. Mimi nililia, na Metroni, Mungu amrehemu, alijifanya anatafuta kitu kabatini.

Basi chama cha Bi Tatu kikaifanya kuwa desturi: mwanachama akiambiwa na mkunga aende, anaulizwa kauli yake mwenyewe, halafu anatolewa kwa sare. Chama cha mtaa wa pili kikaona wivu. Nao wakaanza kuwatoa wajawazito wao, kwa kanga za bei zaidi na tarumbeta. Mnajua wanawake wa lelemama kwa kushindana! Kliniki ikafurika. Sista wa Kliniki akaomba mabenchi zaidi, Metroni akanitumia barua kwamba waimbe, lakini nje ya lango. Ile barua niliisoma mbele ya wanawake wote, wakaipigia vigelegele.

Nimefanya kazi mpaka nywele zimegeuka nyeupe. Nilihamishwa mara kadhaa, mwisho nikawa mimi mwenyewe ninayeitwa Metroni, nikawasugulisha wengine sakafu. Kila kituo niliwaambia wakunga wangu mstari wa idhini waanze kwa kumuuliza mwenye tumbo. Nilijivuna sana kwa hilo, na sioni aibu kusema.

Kisha nikastaafu, na mwaka uleule mkwe wangu, mke wa mwanangu, akashikwa na uchungu nyumbani kwangu. Mwanangu akaja mbio sebuleni. "Mama, aende hospitali ipi? Amua wewe." Nami nikaketi vizuri, nikakohoa kidogo, nikaanza kupanga: hospitali ile, daktari yule, gauni lile. Sikuwa hata nimemwona mwenyewe. Mara nikasikia mlango wa mbele unafunguka. Mkwe wangu alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja kiunoni, kajifunga kanga mpya.

"Mama, samahani," akasema, "nimeshachagua, na teksi imefika. Unakuja au huji?"

Nikafunga mdomo, nikavaa viatu, nikamfuata.