Robo Saa Kutoka Paris

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyezitandaza nchi na kuziwekea umbali, kisha akampa mja ulimi wa kuzivuka bila nauli.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi nilikuwa mtunza msikiti mtaa wa Al Mansoura, mjini Doha, na vijana wa kwetu Mombasa walinifanya mshenga wao. Mmoja alikuwa bawabu wa hoteli kule West Bay. Alitaka kuoa nyumbani, na jibu la posa lilikuwa mikononi mwa shangazi yake binti, aliyekuwa yaya katika nyumba moja kule The Pearl. Ijumaa baada ya alasiri tukakutana naye kwenye mkahawa wa chai.

Njiani nilimsihi kijana, "Sema kazi yako, mwanangu. Mlango nao ni kazi."

"Maalim, hayo ya zamani," akanijibu. Alivaa suti ya kuazima, mikono ikimfika vidoleni.

Basi alipoulizwa kazi, akasema hupeleka mikataba ya kampuni, leo London, kesho Paris.

Shangazi akapuliza chai. "Toka London hadi Paris ni mbali?"

"Inategemea, shangazi. Kwenda ni saa mbili na robo. Kurudi ni robo saa."

"Robo saa."

"Upepo. Wakati wa kurudi ndege inasukumwa."

Nikajua alikoyatoa hayo. Wageni husahau tiketi vitini, naye huzisoma. Ndege imeondoka London saa nne, imeshuka Paris saa sita na robo. Imeondoka Paris saa nane, imeshuka London saa nane na robo. Kwamba saa za Paris ziko mbele ya za London kwa saa nzima, tiketi haikujisumbua kumweleza.

"Na saa yako ya mkononi huibadilishi ukifika?"

"Ya nini, shangazi? Hii ni ya Uswisi. Haikosei."

Nikainamia kikombe nikaleta istighfari, maana kicheko kilishanifika kooni, na mshenga hacheki.

"Kila kiangazi napanda ndege hiyo na watoto wa tajiri wangu," shangazi akasema. "Ni saa moja na kidogo, kwenda sawa na kurudi. Lakini hilo si neno. Pale hotelini umetufungulia mlango tangu Ramadhani. Mimi ndiye nibebaye mtoto nyuma ya madamu. Madamu humwinamia. Mimi huniachia mlango ukanigonga bega."

Kijana akaitazama saa yake ya Uswisi.

"Nilikuja nimwoze bawabu binti wa kaka yangu, maana bawabu ana kazi ya halali. Hata bega ningelisamehe. Lakini huyu wa Paris simjui."

Akamaliza chai, akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Binti aliolewa na fundi baiskeli wa mtaani kwao. Bawabu wetu hushikilia mpaka leo kwamba aliponzwa na upepo.

Nawe usomaye, Mungu akufikishe salama kila uendako, na ulimi wako usikutangulie kufika.