Siku Gari Langu Lilipokaa Kimya Ukweni

Hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu msipolisikia kwangu mtalisikia kwa Mjomba Masanja, na yeye huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki, wakati ukweli wenyewe una aibu ya kutosha na hauhitaji kuongezewa na mtu.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kampuni za watu binafsi zinagombania pamba ya wakulima, magari yaliyotumika Japani yanashuka bandarini kila kukicha, na mimi, mwenye kiduka cha vipuri pale Bariadi mjini, nikajipinda nikanunua langu. Lilikuwa na vidude vinne vya mviringo kwenye bampa la nyuma. Ukipiga rivasi ukakaribia kitu, linaanza ti... ti... ti, ukizidi kusogea linalia tititititi kama kifaranga aliyempoteza mama yake. Bariadi nzima (haya, mtaa wetu) walikuja kulishangaa, nami nikawa nawapanga watu nyuma yake wasikie linavyowalilia. Lililia kila mara. Na hapo ndipo akili yangu iliponihama, maana nilianza kuamini kwamba lisipolia, basi nyuma hakuna kitu.

Sasa nilikuwa namchumbia Kabula, binti wa Mzee Ngassa wa kule Nkoma, na siku ya kwenda kupatana ng'ombe wa mahari ilipofika nikavaa suti, nikampakia Mjomba Masanja aliyekuwa msemaji wangu, tukaondoka vioo vimefungwa na kiyoyozi kinapuliza (mjomba anatetemeka, mimi nasema ndiyo raha yenyewe). Nilimtaka Kabula kwa moyo wote, na nilijua wazee wa Nkoma hawatoi binti kwa mtu wasiyemwelewa, kwa hiyo siku ile ilikuwa ama nimpate ama nimkose.

Tulipoingia mjini kwa Mzee Ngassa, yaani ndani ya uzio wake wa minyaa, nikaona wazee wamekaa kwenye viti upande mmoja, na upande wa pili, juu ya turubai, lundo la pamba nyeupe pee, imeshachambuliwa, inasubiri mnunuzi kesho yake. Mtu mwenye akili angesimamisha gari palepale akashuka kusalimia. Mimi nikaona hapana, wazee walione gari uso, si ubavu, kwa hiyo lazima niligeuze nirudi nyuma kuelekea kwenye pamba.

Mjomba akashika mlango. "Ngoja nishuke nikuangalizie nyuma."

"Mjomba, kaa tu. Hili gari lina macho yake."

Kosa lilianzia hapo. Nikapiga rivasi mara ya kwanza, likalia kwa sababu ya majani marefu kando ya uzio, nikamwambia mjomba, "Umesikia? Hata majani linayaona!" Nikalinyoosha, nikarudi tena, safari hii kuelekea lundoni. Kimya. Lundo nalijua lipo, nimeliona kwa macho yangu, lakini nikasema nitasimama litakapolia. Nikaendelea. Kimya. Nikaona watu wananyanyuka vitini wanapunga mikono, akina mama wanapiga kelele, na kwa kuwa vioo vimefungwa nikadhani ni vigelegele. Nikawapungia na mimi!

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama mkwe alikuwa nyuma ya lundo. Si mnajua mila zetu, mama hakutani uso kwa uso na mkwe anayekuja kuoa, na yeye tulipoingia ghafla hakupata pa kukimbilia, akajikunyata nyuma ya pamba yake na kujifunika khanga. Kumpandishia mkwe sauti ndiyo haifikiriki kabisa. Akavumilia. Pamba ikaanza kumsogelea, akavumilia, ikamfika magotini, ikamfika kifuani, na uvumilivu ukaisha.

Nikasikia bodi inapigwa ngumi, paa! paa! na sauti iliyopenya vioo na kiyoyozi chake: "Simama wewe! Unaniua!"

Nikakanyaga breki, nikaruka nje, na macho yangu yakagongana na ya mama mkwe, pamba kichwani, pamba masikioni, khanga iko chini ya tairi. Tukageuka wote wawili kwa pamoja tukatazama pengine. Alikuwa mzima, namshukuru Mungu mpaka leo; nikakaa chini hapohapo na suti yangu, juu ya kinyesi cha ng'ombe.

Mzee Ngassa akaja taratibu, akaitazama pamba iliyochanganyika na vumbi na samadi, akalitazama gari. "Gari lako linaogopa majani," akasema, "watu haliwaogopi." Shangazi yake Kabula akadakia kwamba safari ya mahari imekwisha, turudi tulikotoka.

Mzee akakata shauri: pamba ilikuwa safi, sasa ni fifi, ya daraja la pili, na habari ya ng'ombe haitazungumzwa mpaka irudi kuwa safi. Nikavua koti, nikakaa chini kuchambua. Mama naye hakuniamini na pamba yake, akakaa upande wa pili, tumepeana migongo, na Kabula katikati anabeba maneno.

"Mwambie huyo, hilo ni jani, alitoe."

"Mama anasema ni jani."

"Mwambie mama nimelitoa."

Jua likazunguka, majirani wakaja kutazama bwana harusi mwenye tai akichambua pamba, na kicheko kikaanza kidogokidogo mpaka shangazi mwenyewe akacheka. Jioni wazee wakakaa, ng'ombe wakatajwa, tukakubaliana. Mzee akauliza kama mama ana neno.

Kutoka ndani ya nyumba sauti ikasema, "Aongeze ng'ombe mmoja. Si wa pamba, pamba ameshaichambua. Ni wa mdomo wangu, nilioufungua mbele ya mkwe."

Nilimtoa huyo ng'ombe kwa furaha kuliko wote. Alizaa vizuri, na kule Nkoma wamempa jina la Simama.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba vile vidude hupiga sauti na kusubiri irudi, na pamba, kwa ulaini wake, huimeza sauti hairudi; na kwamba vikishikwa na tope, au kitu kikiwa chini sana au chembamba kama kijiti, havina habari nacho. Si vibaya, vinasaidia, ila ni masikio tu, mimi nikavifanya macho. Siku hizi ukweni naliacha gari nje ya uzio, naingia kwa miguu. Kwingine kote Kabula hushuka akasimama nyuma ninapomwona, vioo viko wazi, na mimi nina sheria moja tu: likilia nasimama, lisipolia nashuka.