Pikapu ya Kuvutia Mtumbwi wa Dada

Mwaka ambao dada yangu aliamua kununua gari la kuvutia mtumbwi wake, hapakuwa na mtetezi wa giaboksi ya manyuo, ile ya klachi, Ujiji nzima kunizidi mimi. Niliisifia klachi utadhani tumezaliwa tumbo moja. Ukweli ni kwamba mimi na klachi hatujuani. Gari pekee nililojifunzia lilikuwa otomatiki, na hapo ndipo ulipotoka msimamo wangu: dada akinunua otomatiki, dereva ni mimi, akinunua manyuo, mimi nabaki nyumbani.

Na nyumbani napapenda. Kazi yangu ni kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi barazani kwangu. Kutoka kitandani hadi kazini ni hatua kumi na moja, na siku ya mvua huziona nyingi.

Dada yangu mkubwa ni mtu wa namna nyingine. Alianza kwa kuanika dagaa wa watu kule Kibirizi, akaja kuanika wa kwake, kisha siku moja akatuambia amenunua mtumbwi, kwa sauti ileile ambayo wengine husema wamenunua sabuni. Kuogelea hajui. Kuendesha gari hakutaka kujifunza. "Watu wa kuwaongoza ninao wa kutosha," alisema. "Usukani wa nini tena?"

Shida ilikuwa mbao za chini za ule mtumbwi. Zilikuwa zimechoka. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani; mwezi ukijaa taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na siku hizo chache ndizo za matengenezo. Zamani mtumbwi ulivutwa kwa mikono juu ya magogo hadi kwa fundi, hapo hapo ufukweni. Ziwa lilipopanda likaumeza ufukwe wa mwalo wetu wa Katonga, pale mitumbwi inapoegeshwa, fundi akahamia juu, na magogo hayapandi mlima. Dada akaagiza tela la chuma. Kilichobaki ni gari, na gari la kukodi lilikuwa linakuja linapojisikia. Mara ya mwisho lilifika mwezi umekwisha kupungua na giza la kuvulia limerudi. Mtumbwi ukaingia ziwani na mbao zilezile, wavuvi wawili wakivua na wawili wakichota maji.

"Safari hii mbao zibadilishwe," dada akasema, "au mtumbwi hautoki. Watoto wa wenzangu siwapeleki ziwani ndani ya chujio."

Pikapu za kuuzwa zilikuwa mbili. Ya manyuo ilikuwa ya mzee jirani yetu, dereva wa malori mstaafu. Ya otomatiki ilikuwa ya mtumishi wa serikali aliyehamishiwa mkoa mwingine. Zote zilivuta kwa tairi nne. Nikaenda kwa dada kutoa elimu.

"Otomatiki inajifikiria yenyewe, dada. Mlimani inaweza ikafikiri vibaya."

"Kama wewe?"

"Manyuo unaishika mwenyewe, unatia gia unayoitaka. Halafu mafuta ya giaboksi ya otomatiki yakichemka kwa kuvuta mzigo, habari imekwisha."

"Haya umeyasoma wapi?"

"Yanajulikana."

"Juzi uliniuliza maji ya rejeta yanatiwa wapi," akasema, akaendelea kuchambua dagaa. "Sawa. Waje wote Katonga kesho asubuhi, tuone."

Asubuhi mwalo mzima ulikuwa umejaa majaji. Wavuvi hawana kazi mwezi ukijaa, na kila mmoja alikuwa na maoni. Mtumbwi ulipandishwa juu ya tela kwenye ukingo wa maji, ukafungwa, na mzee akaingia kwenye pikapu yake kama bwana harusi. Wote tuliangalia gari: moshi, tairi, mikono ya mzee. Dada peke yake hakuliangalia. Alisimama ubavuni mwa mtumbwi, akaweka kiganja juu ya mbao za chini, pale zinapoungana, akasema, "Haya, baba, twende."

Mzee alikuwa fundi kweli. Aliipandisha ile pikapu huku akitusimulia milima ya Burundi. Katikati ya mlima dada akapaza sauti: "Simama!" Mzee akasimama. "Ondoka tena." Hapo injini ikalia, klachi ikatoa harufu kama ukwato unaoungua, pikapu ikarudi nyuma kidogo, kisha ikaruka mbele. Mtumbwi wote ukashtuka. Watu wakapiga makofi, maana gari liliondoka. Dada hakupiga. Aliinama, akachomoa kwenye maungio ya mbao kipande cha pamba ile inayozuia maji, kilichokuwa kimetokeza kwa mshtuko, akakitia mfukoni.

Mtumbwi na tela lake vikateremshwa tena hadi ukingoni. Ikaja zamu ya otomatiki, lakini mwenyewe alikuwa anakabidhi ofisi na alituma ufunguo tu. Dada akaushika, akanitazama.

"Ingia."

"Mimi?"

"Wewe mtaalamu. Ingia."

Nikaingia. Nikiri sasa kilichonijia kichwani, maana hata mke wangu sijamwambia. Ukanyagaji mmoja tu mbaya ungetosha. Ningekanyaga mafuta kwa pupa, mtumbwi ungetikisika, watu wangezomea otomatiki, na mimi ningerudi kwenye fotokopi zangu nikiwa nimeshinda. Niliweka mguu juu ya pedali. Halafu nikaangalia kioo cha pembeni. Dada alikuwa pale, kiganja juu ya mbao, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mgonjwa.

Nikakanyaga polepole kabisa. Pikapu ikaanza kupanda bila kelele. "Simama!" Nikasimama. "Ondoka." Nikaachia breki, nikaongeza mafuta kidogo, ikaondoka kama maji yanavyojaa kwenye ndoo. Tulifika kwa fundi kabla ya majaji kumaliza kubishana.

"Hili," dada akasema.

Mzee akashika kiuno. "Mwanangu, unaniaibisha. Otomatiki ni gari la kwendea harusini!"

Dada akatoa ile pamba mfukoni, akamwekea kiganjani kwa heshima. "Baba, kuendesha hakuna wa kukufikia hapa. Lakini nyinyi mnapima gari. Mimi napima mtumbwi. Gari likiharibika linasimama barabarani. Mtumbwi maungio yakiachia, uko katikati ya ziwa na watu ndani."

Mzee akaigeuza ile pamba, akainusa, sijui kwa nini. "Basi angalau mafuta ya giaboksi muyaangalie," akasema. "Mzigo unayachemsha. Huyu mdogo wako anavyohubiri mtaa mzima, hilo kasema kweli."

"Utakuwa unamkagulia wewe," dada akamjibu, na mzee akakubali haraka mno kwa mtu aliyekosa kuuza gari.

Mimi bado nilikuwa ndani, nimeshika usukani. Dada akaja dirishani.

"Nilijua utavuta vizuri. Mvivu hana papara."

"Na kazi yangu je?"

"Barua zichapwe jioni. Nani anasoma barua asubuhi?"

Fundi alibadilisha mbao nne na kushindilia pamba mpya. Siku mbili kabla ya giza la kuvulia kurudi, niliurudisha mtumbwi majini, na kurudi kinyumenyume na tela hakuna giaboksi inayokusaidia. Nilikata kushoto, tela likaenda kulia. Nilikata kulia, likaenda kwa mama muuza uji. Wavuvi walicheka hadi wakakaa chini. Mmoja alijitolea kunishushia mtumbwi kwa punda. Mara ya tano ukaingia ziwani upandeupande, ukaelea.

Dada alipanda, yeye asiyejua kuogelea, akakaa ndani kwa muda mrefu akiangalia sakafu.

"Pakavu!" akaita. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo lakini nilisikia: "Mwambieni mwenye uji ampe dereva wangu kikombe."