Ukingo Usiovunwa

Siku ya ukaguzi nilifika shambani kabla ya zamu yangu ya hospitali, nikiwa na kisu mkobani na hasira kooni. Lewisham, mtaa wetu wa London, ilikuwa na manyunyu yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Mama yangu alikuwa ameshafika, kama kawaida yake, ameinama anapalilia.

Kishamba chenyewe tulikikodi kwa manispaa baada ya yeye kuja kuishi nami kutoka Mbeya. Kabla ya hapo alikuwa anashinda dirishani, anazidi kukonda. Jembe lilimrudishia uhai, ndiyo maana niliogopa. Tulikuwa tumeshaonywa mara moja: shamba lisilotunzwa linachukuliwa, anapewa mwingine, na foleni ya wanaosubiri ni ndefu.

Tatizo lilikuwa ukingo. Mstari mzima wa sukuma wiki, kando ya njia ya wapita njia, Mama hakuuvuna. Uzio ulikuwa wa waya wenye matundu mapana, mkono unapita. Alisema Maandiko yanamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembezoni. Pale ni pa maskini na mgeni. Safi sana, ila msimu huo wachumaji walikuwa wachache, mboga zikarefuka na kutoa maua ya njano. Kwa mtu wa manispaa, huo ni uvivu mtupu.

"Mama, nakata," nilisema, nikatoa kisu.

Alinyooka, akasimama mbele ya mboga zake. "Hukati."

"Maskini na mgeni wa London ndio sisi!"

"Mgeni gani ana shamba?"

Nilitaka kupiga kelele. Huyu ndiye anayenigongea mlango nikiwa nimelala baada ya kukesha wodini, eti jua limetoka, nitalala mpaka lini? Anamchukia mvivu kuliko nyoka, na leo yuko tayari kuitwa mvivu.

Mkaguzi akafika, bwana mrefu mwenye koti la mvua. Matuta yalimpendeza. Alipofika kwenye maua ya njano aliuliza kwa nini sehemu hii imetelekezwa. Nikamtafsiria Mama.

"Mwambie si yangu."

"Mama, nikisema hivyo wanaichukua!"

"Mwambie, mwanangu."

Ningeweza kumtungia jibu zuri. Kwa Kiingereza chake asingenigundua. Lakini alikuwa ananitazama usoni. Nikasema yaleyale, nikaongeza kwamba ni ya yeyote mwenye njaa. Mkaguzi akainama, akafunua majani. Chini hapakuwa na gugu hata moja. Nikadhani tumepona. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kama si yake, basi uzio utasogezwa ndani na ukingo urudi kwa manispaa. Kilichobaki aendelee nacho.

Nilipomweleza Mama, alimshukuru. Asante! Sikumsemesha njia nzima hadi kituo cha basi.

Mafundi walikuja wakasogeza uzio. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nikiwa bado nimenuna, na ndani ya shamba sikumwona Mama. Alikuwa nje, upande wa njia, amepiga magoti kwenye ardhi ambayo sasa kweli haikuwa yake. Mabua yote ya zamani alikuwa ameyang'oa, anapanda miche mipya.

"Usinisimamie hapo," alisema bila kugeuka. "Lete maji."

Nilikuwa na hasira naye hadi machozi yananilenga. Nikachukua ndoo, nikaenda bombani.