Siku Jeneza Lilipotoka Tupu

Nassibu bin Chande hakuwa mtu wa kuogopa kura. Kura ya serikali, ile iliyokuwa ikinong'onwa vibarazani, mwaka huo wa 1956 ilikuwa bado haijafika Temeke. Lakini kura ya chama aliijua vizuri, maana chama chenyewe alikianzisha yeye. Kilikuwa chama cha kuzikana. Mtu akifa, chama kilitoa sanda, kikachimba kaburi, kikambeba marehemu hadi makaburini bondeni, upande wa Mtoni. Mkuu wake aliitwa rais. Kila uchaguzi ulipofika watu walikusanyika, wakamrudisha Nassibu, wakanywa chai ya tangawizi, wakaenda zao.

Jeneza la chama lilikaa kwake. Ndiyo ilikuwa desturi: lile tanda la mbao lenye mikono minne lilining'inizwa uani kwa rais, chini ya paa, na msiba ukitokea kila mtu alijua pa kulifuata. Mkewe, Tunu, alilifuta vumbi kila Alhamisi kwa kitambaa alichokitenga kwa kazi hiyo tu.

"Siku yangu ikifika hamtapata taabu ya kulitafuta," Nassibu alipenda kumwambia. "Litatoka mlango huu huu, na mie juu yake."

"Nitokee hapa," Tunu alimjibu. "Ukifa wewe, nani atanisumbua?"

Nassibu alilisema kwa mzaha, lakini alilitaka kweli. Alishaingia miaka ya sitini. Hakuwa na shamba la kujivunia, wala nyumba ya bati. Alikuwa na hilo tu: kufa akiwa rais, jeneza likitokea nyumbani kwake.

Mtu aliyemwamini kuliko wote alikuwa Pazi. Walitoka jando moja, wakachukuliwa pamoja kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Mjerumani, wakarudi pamoja wakiwa mifupa mitupu. Pazi alikuwa mpole, mwenye maneno machache na kicheko kirefu. Na katika kila uchaguzi wa chama alikuwa na nafasi yake. Temeke walipiga kura kwa mistari. Wagombea walisimama wameelekea ukuta, wakiwapa watu mgongo, ili mpiga kura asione haya ya kuwatazama usoni. Mtu wa kwanza aliweka mkono begani mwa mgombea, wa pili begani mwa wa kwanza, hivyo hivyo hadi mwisho, na kwa namna hiyo hakuna aliyehesabiwa mara mbili. Mkono wa kwanza begani mwa Nassibu, mwaka nenda mwaka rudi, ulikuwa wa Pazi.

Ugomvi uliletwa na kazi za mjini. Sheria ya Nassibu ilikuwa kwamba siku ya mazishi kila mwanachama anaacha shughuli, mkubwa kwa mdogo, tangu kukosha maiti hadi kumwagia kaburi maji. Kwa wazee haikuwa tabu. Walikuwa wakulima wa mihogo huko Yombo, au wauza samaki, mabwana wa siku zao wenyewe. Lakini vijana waliohamia Temeke baada ya vita vya pili walikuwa watu wa bandarini na wa reli. Kijana akikosa kazini siku moja, kesho yake anakuta mtu mwingine ameshika toroli lake. Kijana mmoja alifukuzwa hivyo, akiwa na mtoto mchanga nyumbani. Baada ya hapo vijana wakaanza kuponyoka mazishini.

Ndipo Mwinjuma akaja na neno lake. Alikuwa mtu wa ghala la bandarini, hajafika miaka thelathini, mwenye adabu mpaka inaudhi. Alisimama kikaoni akasema chama kizikane kwa zamu. Vijana wagawanywe makundi, kundi moja likibeba wengine wabaki kazini, msiba ujao wabadilishane.

"Kwa zamu?" Nassibu aliuliza. "Kama walinzi wa duka la Mhindi?"

Wazee wakacheka. Mwinjuma naye akatabasamu. "Mzee, mlinzi wa zamu walau unajua atakuja."

Kicheko kikahamia upande wa vijana, na Nassibu hakukisahau.

Masika ya mwaka huo alikufa Bi Kibibi, mjane wa mtaa wa nyuma. Ilikuwa siku ya kazi na meli ilikuwa imetia nanga. Makaburini walikwenda wazee watupu. Kwenye mteremko, udongo ulikuwa kama sabuni. Goti la Pazi likaachia, mkono wa jeneza ukamtoka begani, jeneza likalala ubavu, na Bi Kibibi akatoka ndani ya shuka akateleza matopeni na sanda yake nyeupe. Wazee walisimama wakihema, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Pazi aliketi matopeni akaikumbatia ile sanda, akawa anasema, "Nisamehe mama, nisamehe mama," mpaka walipomwinua.

Tangu siku hiyo akaburuta mguu. Nassibu alilihesabu tukio lile kuwa ushahidi dhidi ya vijana: tazameni walivyotutupa. Alilirudia kila kibaraza alichokaa. Pazi akiwa karibu, alisikiliza na kunyamaza, na Nassibu akadhani kunyamaza kwake ni kukubali.

Siku ya uchaguzi watu walijaa uwanjani, chini ya mti wa mkungu. Wanawake hawakupiga kura, lakini walikuja kutazama, wakiongozwa na Mwamvita muuza maandazi, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo.

"Wazee, mmesimama au mmeegemezwa?" aliita kutoka kibarazani.

"Mwamvita, nyamaza, utakosa wa kukuzika!" mzee mmoja akamrudishia.

"Nizikwe na wewe? Utanidondosha kama mwenzangu!"

Watu walicheka, kisha wakakumbuka Bi Kibibi, wakaacha. Nassibu na Mwinjuma wakapelekwa ukutani, wakasimama wameupa uwanja mgongo. Katibu akapiga bati, mistari ikaanza.

Mtu aliyeelekea ukuta hana la kutazama ila chokaa. Nassibu alisikiliza. Upande wa Mwinjuma zilikimbilia hatua za viatu, nyepesi, na vicheko. Upande wake ulikuja mwendo wa makubazi na vikohozi, na kila kikohozi alikijua mwenyewe ni nani. Hapo ndipo mkono ulipotua begani mwake. Moyo wake ukatulia. Kisha akauhisi vizuri. Ulikuwa mkono mgumu, wenye moto, usio na uzito wa uzee. Hakuwa Pazi.

"Nani?" alinong'ona, ingawa ilikatazwa.

"Mie, baba."

Mwarami, mwanawe, naye mtu wa bandarini. Nassibu hakutegemea. Alikuwa ameshajiandaa kumkosa mwanawe, amesharidhika kwamba damu changa itafuata damu changa. Kumbe kijana alikuwa amewaacha wenzake wote akaja kwa babake. Kifua cha Nassibu kilijaa. Basi Pazi atakuwa nyuma, alijiambia. Amempisha mtoto.

Ndipo akausikia mguu. Kanyaga, buruta. Kanyaga, buruta. Ulitokea kushoto, pale wazee walipokuwa wamekaa, ukaja taratibu ukimkaribia, ukafika mgongoni kwake kabisa. Akasubiri sauti ya Pazi ikimwambia mtu sogea. Mguu ukasita. Kisha kanyaga, buruta, mguu ukampita, ukaendelea kulia, mpaka kwa Mwinjuma.

Katibu alipotangaza hesabu, Nassibu hakuisikia. Walimgeuza wakampa mkono wa pole. Aliona mistari: kwake vichwa vyeupe na Mwarami peke yake, ng'ambo vichwa vyeusi, na katikati yao kichwa kimoja cheupe kilichoinamia chini. Mtu yeyote angeweza kuusoma uwanja ule akiwa mbali, nani ana miaka mingapi na anamtaka nani, isipokuwa mahali pawili.

Jioni, akiwa chumbani, alimsikia Tunu akimuuliza mtoto wao uani, "Lakini wewe ulikuwa upande wa Mwinjuma tangu zamani."

"Niko mpaka sasa," Mwarami alisema. "Ila nilimtazama baba mgongo, mama. Nikamwonea huruma."

Nassibu aligeukia ukuta kwa mara ya pili siku ile.

Kesho yake baada ya alasiri, Mwinjuma alikuja na wenzake watatu kulichukua jeneza. Walipiga hodi, wakaamkia, "Shikamoo mzee," wakangoja. Nassibu aliitikia marahaba akiwa ndani, hakutoka. Tunu ndiye aliyewaongoza uani. Lilipoteremshwa aliliona tupu hivi, mbao kavu, akashindwa kuliacha litoke uchi. Akaingia ndani akaleta shuka yake safi, akalifunika. Na wale vijana, kwa kuwa mikono ile minne haijui kushikwa namna nyingine, wakaliweka mabegani.

Kwa hiyo Temeke ilichokiona ni jeneza lililofunikwa shuka, likitoka mlangoni kwa Nassibu siku moja tu baada ya kushindwa, na mkewe amesimama kizingitini analia.

Habari hazikuhitaji mpeleka. Wanaume waliokuwa wakicheza bao walisimama wakalifuata jeneza kwa ajili ya thawabu. Wanawake walijitanda kanga wakaja mbio, wakaanza kulia kabla hawajafika. Mtu akatandika mkeka. Tunu alijaribu kusema, lakini kila alipofungua kinywa walimkumbatia wakamwambia asijikaze.

Nassibu alikuwa kitandani akiyasikia yote. Alikuwa akitaka kutoka awafukuze, ndipo akausikia ule mguu. Safari hii ulikuwa unakwenda kasi, kanyaga-buruta, kanyaga-buruta, kisha kishindo cha mtu aliyeanguka mlangoni.

"Nassibu! Ndugu yangu, nimekuua!"

Ilikuwa sauti ambayo hajaisikia tangu vitani.

"Mwambie, shemeji yangu Tunu, mwambie," Pazi alikuwa anasema, maneno yanagongana, "sikumkataa. Nilitaka niweke mkono wangu, nikasimama nyuma yake kabisa. Nikamkumbuka Bi Kibibi matopeni. Nikasema, mie na Nassibu tukifa nani atatubeba? Mie nimbebe yeye, au yeye anibebe mie, na magoti haya? Yeye ana maneno, wale wana mabega. Sikumpa Mwinjuma kura. Niliyapa mabega."

Nassibu aliinuka. Alipotokea mlangoni amevaa saruni na fulana, kilio kilikatika kama kilichomwagiwa maji.

"Nani kafa?" akauliza.

"Yarabi," Mwamvita akasema, "maiti katoka kutukaribisha!"

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, kile cha watu walioponea chupuchupu. Hata Tunu alicheka na machozi yake. Pazi, aliyekuwa bado chini, alicheka kuliko wote, kile kicheko chake kirefu, akanyoosha mkono ili Nassibu amwinue.

Nassibu aliutazama ule mkono. Aliujua kila mshipa wake. Yote Pazi aliyoyasema alikuwa ameyasikia, na ndani ya moyo hakuona pa kuyapinga. Kicheko kikapungua, watu wakangoja.

"Umekosea nyumba, mzee," alisema, akaingia ndani akafunga mlango.

Kwa mwaka uliofuata Pazi alituma salamu. Alizileta Mwarami, alizileta Tunu, mara moja alizileta Mwamvita, pamoja na maandazi. Idi ilipofika alikuja mwenyewe akabisha hodi, akangoja hadi jua likapanda, akarudi. Nassibu alikuwa ndani. Hakuwa amemchukia. Angeulizwa angesema anangoja siku itakayofaa. Kila siku iliyopita ilifanya ile inayofuata kuwa nzito zaidi kuanza.

Masika yalipokuja tena, Pazi alishikwa na homa ya kifua. Mwarami alipotoka kazini akamkuta baba yake amevaa kanzu yuko kibarazani, anafunga makubazi ili aende kumwona, alikuwa ameleta taarifa ya msiba.

Zamu zilifanya kazi sawasawa. Vijana walikuwapo wa kutosha na hakuna aliyepoteza kibarua. Jeneza lilitoka nyumbani kwa Mwinjuma, likaenda kwa Pazi. Nassibu alijongea akaomba mkono wa mbele. Mwinjuma alimtazama, akampisha bila neno.

Alikwenda nalo. Uzito wa rafiki yake ulimkaa begani, pale pale ulipokuwa ukitua mkono wake. Walipofika kwenye mteremko goti lake lilianza kutetemeka, na akaona kiganja cha Mwinjuma tayari kimepita chini ya mbao, kinashikilia.

"Tukupokee, mzee."

"Bado."

"Tukupokee, Mzee Nassibu. Tusimdondoshe."

Akaachia. Wingu lilikuwa limeshuka, vijana wakaongeza mwendo, wakipokezana mabega bila kusimama, na jeneza likamtangulia njia nzima, dogo, dogo, mpaka likapinda kona. Alibaki na wazee wenzake wakishikana mikono utelezini. Alipofika bondeni kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Zile konzi tatu za udongo anazotupia kila mtu zilikuwa zimeshatupwa, maji yameshamwagwa, dua imeshasomwa, na mvua inaanza.

"Kichwa kiko wapi?" Nassibu aliuliza.

Mwinjuma akamwonyesha. Mzee akapiga magoti kwenye tope, akapima kwa macho kutoka kichwani kushuka kidogo, akaweka mkono wake juu ya udongo, mahali penye bega. Watu walimngoja. Mvua ikakaza, wengine wakaanza kuondoka. Mwarami akaja akainama kando yake.

"Baba, twende."

"Subiri," Nassibu alisema. "Bado nimepanga mstari."