Mbwa wa Tatu wa Fundi Makochi

Fundi makochi alikuwa na mbwa wawili na maneno mengi. Mbwa walikuwa Sajini, dume mzee mwenye sikio lililochanika, na Pamba, jike mweupe aliyependa kulalia mabaki ya sponji karakanani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Maneno yalikuwa kwamba hakuna mbwa asiyemwelewa. Aliwaambia hivyo wateja huku ana misumari mdomoni, wala hawakumbishia. Nani atabishana na mtu anayetafuna misumari?

Jirani mmoja alipohama, akamwachia jike mchanga wa kahawia. Dada yake fundi, muuguzi aliyeishi naye, alimkuta mlangoni akimfungua kamba.

"Kaka, usimwingize hivyo. Wakutanishe nje kwanza, kila mmoja na kamba yake."

"Dada, wewe shughulika na wagonjwa wako. Mbwa niachie mimi."

Akamwingiza. Tena, kwa kujifanya mkarimu, akaweka sahani moja ya nyama katikati ya karakana ili wale kama ndugu. Akisimulia, hapa hutikisa kichwa: "Ndugu zangu wenyewe hatukuwahi kula sahani moja bila kununiana."

Sajini alinguruma, Pamba akaruka, na yule mgeni akajichimbia ndani ya kochi la mteja lililovalishwa kitambaa kipya asubuhi hiyo. Wenzake wakamfuata humo humo. Sponji ikaruka kama theluji. Fundi akapanda juu ya meza, eti atafute mahali pazuri pa kutolea amri.

"Kaa!"

Aliyekaa ni yeye peke yake. Aliteleza, kopo la gundi likapinduka, naye akaketi juu ya gundi yote.

Dada alikuja mbio, akagonga sinia la bati kwa nyundo. Mbwa waliposhtuka, akamtoa yule mdogo nje.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi shuka."

"Siwezi."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lake lilisalimika. Ni suruali iliyokwenda, ilikatwa na dada kwa mkasi wa fundi mwenyewe, taratibu, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kesho yake wakaanza upya. Fundi alimshika Sajini, dada akamshika mgeni, wakatembea pande mbili za barabara bila kusogeleana. Siku ya tatu wakapunguza nafasi. Siku ya tano Sajini akamnusa, akapiga chafya, akaendelea na safari. Pamba alinuna wiki nzima, akala kwenye kona yake, kisha akakubali kulala na yule mgeni mgongo kwa mgongo.

Mteja alipouliza kwa nini kochi limechelewa, fundi alimweleza yote, hata habari za suruali.

Sasa nyumba imetulia. Ila yule wa kahawia alimchagua dada. Kila asubuhi humsindikiza hadi getini na kulala hapo akimngoja, na fundi humwita mara tatu, nne, bila kuitikiwa.