Kioo Mbele ya Televisheni

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya televisheni mjini Bukavu, nilikimbia kuliko nilivyofanya kazi. Ninyi vijana hamkuziona zile televisheni nene: skrubu za kurekebisha rangi nyuma, picha mbele. Basi nikagusa, nikakimbilia mbele kutazama, nikarudi nyuma. Chef d'atelier, msimamizi wetu, aliniacha nitokwe jasho, kisha akaegemeza kioo cha kunyolea kwenye kiti kilichoelekea televisheni.

"Acha kuzungukazunguka. Fundi anaangaliaka picha mu kioo," akasema. "Na ukumbuke, hata ukitosha prise, moto inabakia mule ndani."

Yaani hata ukichomoa plagi: moto ni umeme, unaojificha katika bomba kubwa la kioo linalotoa picha. Nilisahau mara moja tu, ulinitupa ukutani. Baadaye Directeur technique, mkuu wa mafundi wote, alinituma kutengeneza televisheni Nyangezi, kisha kisiwani Idjwi kwa mtumbwi, kioo changu mkobani.

Karakana ilipofungwa nikafanyia kazi nyumbani, mtaani Kasha. Kioo kikavunjika, na mke wangu, Maman Furaha, akaketi kitini mahali pake, anitazamie picha. Hakujua mambo ya ufundi, alijua sura za watu. Rangi ya manjano ikizidi, alisema mtangazaji ana malaria. Nyekundu ikizidi, amelewa. Mimi nauliza kutoka nyuma, "Iko je sasa?" Sikufunga mfuniko mpaka aseme, "Sasa iko mutu." Sikununua kioo kingine.

Kisha zikaja televisheni bapa. Nyepesi, taa ndogondogo nyuma ya picha, rangi zimepangwa kiwandani. Nikisema za zamani zilikuwa bora nitakuwa mwongo. Leo unaona hadi jasho la mchezaji. Lakini ikipasuka inatupwa, na watu wakaacha kuniita. Mwaka huohuo Maman Furaha akafariki. Nyumba ni kubwa mno kwangu, sioni haya kulisema.

Juzi binti yetu aliye Goma alinitumia bapa moja. Niliitundika mwenyewe, nikaiwasha nikiwa bado kando ya televisheni, na mkono ukaenda nyuma kutafuta skrubu. Ukakuta ukuta.

"Iko je sasa?" nikauliza, kwa mazoea.

Nilingoja muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili zake. Mwishowe nikaja mbele. Sura ya mtangazaji ilikuwa safi kuliko zote tulizowahi kutengeneza.

"Sasa iko mutu," nikasema, nikaketi kwenye kiti cha Maman Furaha.